Siku Niliyosema Umekosea Gia

Dukani, Kinoo
Jumapili alasiri

Wanjiku, mama,

Nimefunga mlango wa duka nusu ili watu wasidhani niko kazini. Nimekalia magunia ya simenti, karatasi iko gotini, na kalamu hii ya dukani inaandika inapotaka. Wewe na mama yako mko nyumbani mnapanga mizigo. Nilijaribu kusaidia nikafukuzwa. Mambo ya sweta, ya dawa, ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, mama yako ameshayasema mara tatu na kesho njiani atayarudia. Mimi huko sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na limenikaa kooni miaka mitano.

Ijumaa nilikusikia jikoni. Sikuwa natega sikio, nilikuwa nakuja kutafuta chai, lakini nikakusikia ukimwambia mama yako, "Mum, wamesema watanipa pikapu ya kuzungukia mashamba. Mimi nitawaambia siendeshi, wanitafutie dereva. Wakikataa narudi nyumbani."

Akakuuliza, "Kwani leseni si unayo?"

Ukamjibu, "Leseni ninayo. Mikono ndiyo sina."

Nilirudi sebuleni bila chai. Kazi hiyo ya afisa wa kilimo huko Rumuruti umeiomba mara nne. Umeitwa kwenye mahojiano ukiwa na homa, ukaenda hivyo hivyo. Leo uko tayari kuiacha kwa sababu ya usukani, na mpaka leo asubuhi aliyejua kwamba huna sababu ya kuuogopa ni mimi peke yangu. Mama, si wewe uliyekosea siku ile tulipopeleka mahari ya Kariuki. Ni mimi. Haya, nimeandika. Sasa nikueleze vizuri, maana nakujua, huamini kitu mpaka uone chanzo chake.

Tuanze na gari lenyewe. Ulikuwa kidato cha tatu nilipoinunua pikapu kwa Mzee Harjit, yule mjenzi wa Westlands aliyekuwa akichukua mbao na misumari hapa dukani kabla hajastaafu. Hapa Kinoo hakuna aliyekuwa na pikapu kubwa namna ile. Milango minne, bodi ndefu ya mizigo, boneti inamfika mtu mfupi kifuani. Niliizunguka mara mbili nikiipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe. Mzee Harjit akafungua boneti, akasema, "Mwangi, sikiliza. Gari hili hutengenezwa na injini za aina tatu. Kuna ndogo, kuna kubwa, na kuna hii ya katikati. Hii itakubebea simenti miaka ishirini bila kulalamika. Lakini usiifungie trela zito ukaipandisha mlima. Kazi hiyo mpe mwenye injini kubwa."

Nikamwambia nimekuelewa. Na kweli nilielewa, kila neno. Ningekuwa sikuelewa leo ningekuwa na pa kujificha.

Siku ya kwanza niliiegesha pale kwa kinyozi wangu, Mountain View. Watu wakatoka nje na povu kidevuni. Mmoja akauliza, "Mzee, hii si ni V8?" Wewe unajua hilo neno V8, ile injini kubwa, lina uzito gani huku kwetu. Si injini tena, ni cheo. Mtu akiwa na V8 hata kiti cha mbele kanisani anafutiwa vumbi. Basi mimi nikanyamaza, nikajikuna shingo. Wiki iliyofuata mwingine akauliza, nikacheka. Wa tatu nikamwambia ndiyo. Mwezi haujaisha nikashuka mjini, Kirinyaga Road, nikanunua kile kibandiko cha fedha kilichoandikwa V8, nikakibandika mlangoni kwa gundi ya dukani kwangu mwenyewe. Mama yako alipokiona aliuliza, "Ai, Baba Wanjiku, gari limepandishwa cheo?" Nikamwambia kilikuwa kimebanduka tu, nimekirudisha.

Usicheke. Au cheka tu, nimestahili.

Nimejiuliza sana kwa nini nilifanya vile. Nadhani nilichoka kuwa mtu wa katikati. Kwetu tulizaliwa saba, mimi wa nne. Shuleni sikuwa wa kwanza wala wa mwisho, mwalimu alikuwa akisahau jina langu akiwa ananitazama. Duka langu si kubwa si dogo. Hata kwenye kwaya naimba ile sauti ambayo nisipokuja hakuna anayegundua. Sasa ghafla nikipita barabarani watu wanapunga mkono, "Baba V8! Baba V8!" Nilipenda, mama. Nilipenda kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu.

Halafu ukamaliza shule na nikaanza kukufundisha kuendesha. Unakumbuka zile Jumapili asubuhi tulipokuwa tunaingia mjini kabla watu hawajaamka vizuri, Kenyatta Avenue yote ni yetu na njiwa? Wiki ya tatu nilikwambia uegeshe nyuma ya City Market, kati ya magari mawili, kwa kurudi nyuma. Mimi mwenyewe pikapu ile nilikuwa siwezi kuiegesha pale bila kushuka mara mbili kuangalia. Wewe ulitazama kioo cha kulia, ukatazama cha kushoto, ukaingiza mara moja. Wale walinzi wawili waliokuwa wanakunywa chai wakapiga makofi. Nilikwambia "si mbaya." Nilipaswa kukwambia ukweli, kwamba una mkono mzuri kuliko wangu. Nikaona ukiambiwa utavimba kichwa. Angalia nani alikuwa anaogopa vichwa kuvimba.

Ndipo ikaja siku ya Kariuki. Ndugu yangu alitaka kukodi lori la kupeleka mahari ya mwanawe Kariuki, na wazee wote walikubali. Mimi nikasimama katikati ya mkutano, nikajipiga kifua. "Lori la nini na V8 ipo?" Wakapiga makofi, na jambo likapita hivyo. Trela nikaazima. Mitamba wawili ndani ya trela. Bodi ikajaa tangi la maji, magunia ya sukari na unga. Viti vya nyuma vikajaa blanketi na kreti za soda mpaka dirishani. Mbele tukabaki wawili, wewe kwenye usukani na mimi kando. Ulikuwa na miaka ishirini. Nilitaka wakwe wa Kariuki waone gari la Mwangi, tena linaendeshwa na binti wa Mwangi. Ningeweza kuendesha mwenyewe. Ilikuwa majivuno juu ya majivuno.

Barabara ya kuingia kwao, upande ule wa Kikuyu baada ya lami kuisha, ni kokoto tupu na imesimama wima. Na unajua desturi. Wanawake wa kwao wamefunga lango, wanaimba wakiwa ndani. Wanawake wetu wanapanda kwa miguu nyuma ya gari, wanawajibu kwa nyimbo mpaka lango lifunguliwe. Kwa hiyo nyuma ya trela kulikuwa na wanawake kama thelathini, wamejifunga leso, hakuna anayetazama chini.

Tulipofika nusu ya mlima ukaniambia, "Baba, mshale wa joto umepanda."

Nikakwambia, "Kanyaga."

"Baba, tulifungue trela hapa, tupande mara mbili."

"Kanyaga, mama. Hii ni V8."

Na wewe ukakanyaga, kwa sababu ni baba yako amesema. Ulidhani kuna nguvu mle ndani ambayo hujaifikia. Mimi ndiye nilijua haimo.

Injini ikazima. Tukasimama kidogo, kisha tukaanza kurudi nyuma. Nikueleze mimi nilifanya nini: nilishika dashibodi kwa mikono miwili nikaita jina la Yesu. Basi, hiyo ndiyo kazi niliyofanya. Wewe nakueleza ulichofanya kwa sababu nadhani hukumbuki, yalikuwa mambo ya sekunde chache. Breki ulikanyaga na zikashika, lakini trela lilikuwa linatuvuta na kokoto zinateleza. Ukavuta breki ya mkono mpaka ukainuka kwenye kiti. Gari halikusimama. Ukatazama kioo. Mimi nilikuwa nimekugeukia wewe, nilikuona. Ulitazama kioo ukawaona wale wanawake, ukakata usukani kwa makusudi. Trela likapinda, likaingia mtaroni upande wa ua, likalala pale, na pikapu ikazuiliwa nalo. Tangi lilipasuka. Mtamba mmoja alivunjika mguu, na ilibidi achinjwe. Katika wale wanawake hakuna aliyeguswa hata leso.

Tulipoketishwa, hakuna aliyecheka. Siku nyingine ukichelewa kwa wakwe unatozwa faini kwa mizaha, unaleta mbuzi wa ziada, mambo yanaisha. Siku ile mzee wao aliuliza taratibu kabisa, "Tumeletewa mtamba wa mguu uliovunjika. Kabla hatujaanza, tuambiwe ni kosa la nani." Wote wakanigeukia. Pale pale ningesema, jamani, nilipakia gari kuliko uwezo wake na injini yenyewe niliwadanganya. Maneno machache tu. Nilikuwa nayo mdomoni. Kisha nikamwona kinyozi wangu kati ya watu wetu, nikasema, "Ni huyu mtoto. Amekosea gia. Mtuwie radhi, bado anajifunza."

Wakakuita. Ukasimama mbele ya wazee wa pande mbili, vumbi mpaka kwenye kope, ukaomba msamaha. Mimi nimekaa kwenye kiti cha kitambaa na kikombe cha uji mkononi. Wewe ni jina la mama yangu. Tangu uzaliwe sijakuita kitu kingine ila mama. Nikakuacha usimame pale ukiniombea msamaha, na uji nikaumaliza.

Lakini hilo silo baya zaidi. Baya zaidi lilikuwa nyumbani. Ulinifuata kwenye bomba nilipokuwa nanawa, ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, kweli nilikosea gia? Mimi nakumbuka ilikuwa kwenye namba moja." Hapakuwa na mzee yeyote pale, wala wakwe, wala kinyozi. Nikakuwekea mkono begani. Nikakwambia, kwa upole wote nilio nao, "Ulikosea, mama. Lakini usijali, kila mtu hujifunza." Ningekufokea labda ungebisha. Uliamini kwa sababu nilikuwa mpole.

Wiki hiyo hiyo niliipeleka pikapu kwa Otieno, fundi wangu wa Dagoretti Corner. Akakaa chini yake nusu saa, akatoka akijifuta mikono. "Mzee, gia iko sawa. Klachi iko sawa. Hii gari ilibebeshwa mzigo haiwezi. Na ona hii waya ya breki ya mkono, imevutwa mpaka inataka kukatika. Huyu dereva alipigana na hii gari. Ni nani?"

Nikamwambia ni msichana wangu.

Akasema, "Msalimie sana." Kisha akagonga mlango kwa kidole, pale kwenye kibandiko. "Na hii toa, mzee. Mimi ndio hufungua hiyo boneti." Tulicheka wote wawili. Kibandiko nilikitoa. Salamu sikuzifikisha.

Hukugusa usukani tena. Nilikuona ukitembea kwenda stejini kungoja matatu na mvua inanyesha, pikapu iko uani. Nikawa najiambia utazoea, utasahau, wasichana wengi wa mjini hawaendeshi na wanaishi vizuri tu. Kisha mwaka juzi mama yako akazidiwa na kifua mimi nikiwa Nakuru, ukakimbia kwa jirani kumwomba aendeshe gari letu wenyewe. Alimfikisha salama, namshukuru. Lakini nilipofika hospitali nikakuta umekaa kwenye benchi umejikunja, ukaniambia, "Baba, kama jirani hangekuwepo?" Nilifungua mdomo. Haki ya Mungu niliufungua. Nikakwambia nakwenda kukununulia chai.

Kwa hiyo sina la kukufundisha kuhusu ukweli, mama, mimi si mtu wa kusimama kwenye mimbari hiyo. Nakupa tu nilichokiona kwangu mwenyewe: mimi sijawahi kusema uongo mkubwa. Nilianza kwa kujikuna shingo kwa kinyozi. Na kila mara nilipopata nafasi ya kuusahihisha, ulikuwa umeongezeka kidogo tu kuliko jana yake, nikaona bora kesho. Na siku ile kwenye bomba mzigo wote niliutoa kwangu nikaupakia kwako, mtoto wa miaka ishirini, nikalala usingizi.

Leo asubuhi sikuwa naumwa tumbo kama nilivyowaambia. Mliponiacha mkaenda kanisani nilikwenda kule kwa wakwe wa Kariuki. Nilitaka nianze na wale uliolazimika kuwaomba msamaha. Yule mzee aliyeuliza swali amefariki, Mungu amrehemu. Nilimkuta shosho, yule mama mzee aliyemzaa bibi harusi, anapepeta maharagwe. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Akaendelea kupepeta. Nilidhani hanisikii. Kisha akaniuliza, "Kutoka Kinoo hadi hapa ni mwendo wa dakika ngapi?"

Nikamwambia nusu saa, barabara ikiwa wazi.

"Na umechukua miaka mitano," akasema. Akaniambia nikae. Chai hakunipa. Alipokuwa ananisindikiza alisema, "Mwambie huyo msichana mimi nilikuwa ndani ya lango siku ile, nikichungulia. Nililiona gari likikata kona. Nikajiambia, huyo anayeendesha si mjinga. Lakini baba yake aliposema, ningesema nini mimi?" Hizi salamu nazifikisha leo leo.

Mchana, ulipokwenda kusukwa, nilimwambia mama yako. Alikuwa anasonga ugali. Nilimweleza kuanzia kwa Mzee Harjit mpaka kwenye bomba, hakunikatiza hata mara moja, na wewe unamjua, mama yako kutokatiza ni jambo la kuogofya. Unajua alikuwa wapi siku ile? Alikuwa na leso ya njano, wa tatu kutoka mbele. Trela lingenyooka lingempitia yeye kabla ya wengine. Miaka mitano hilo nilikuwa nalijua peke yangu, nakula chakula chake, namwombea dua kabla ya kulala.

Akaweka mwiko chini. Akaniuliza neno moja tu: "Aliniona kwenye kioo?"

Nikamwambia, "Alikuona."

Alilia, kisha akanipa sahani nikale nje. Ndiyo maana nimefukuzwa kwenye mizigo. Ana haki, na hata wewe ukinifukuza utakuwa na haki. Nimemwomba asikwambie chochote mpaka uisome hii, maana nilitaka ukweli utoke kwangu, kwa mwandiko wangu, ili siku ukianza kujitilia shaka uutoe kwenye begi uusome tena.

Ufunguo wa pikapu uko ndani ya bahasha hii. Kesho hatuna trela, ni wewe, sisi, na masanduku yako mawili. Toka hapa mpaka Rumuruti kuna kupanda na kushuka kwingi, na barabara ni nzuri. Ukiamka ukaona huwezi, niwekee ufunguo mezani, nitaendesha mwenyewe na sitauliza kitu. Sitakulazimisha tena ukanyage. Nilishafanya hivyo mara moja ikatosha.

Msamaha usinipe kesho. Nasema kweli, usiniharakishie. Utaupima ukiwa huko, na kama utachukua miaka mitano nitangoja, sina pa kulalamikia.

Ila nikwambie alichosema mama yako niliporudisha sahani, kwa sababu hilo ameliamua bila ruhusa yangu. Hakuniangalia. Alikuwa anakunja lile shuka lako la buluu. Akasema, "Kesho nitakaa mbele kando ya Wanjiku. Anayetaka kuogopa gari la mtoto huyu abaki hapa Kinoo na simenti yake. Na wewe utakaa nyuma, kimya, mpaka tufike."

Baba yako,
kiti cha nyuma